Kitabu cha Rafu ya Juu

Wenzangu mliobaki dukani mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya kuuza vitabu kabla sijaisahau. Ombi lenyewe mlilileta na soda moja kwa watu watatu, kwa hiyo msitegemee niandike kwa kreti zima. Vyeo na mishahara sitavigusa. Mishahara ilikuwa midogo, na vyeo havikuwepo. Nitaeleza nilivyoanza kazi Masasi, nani alinifundisha, na kwa nini hapa kwangu Newala, juu ya kabati, kuna kitabu kilichofungwa kwa kitambaa. Kila mgeni akiingia hukiangalia, akashusha sauti, akidhani ni Msahafu au Biblia. Si kimoja wala kingine.

Nilifika dukani nikiwa msichana wa kutoka Makote, Mmakonde mwenye Kiswahili cha shule na kiatu kimoja kizuri, cha pili kilikuwa cha kusindikiza. Duka lilikuwa la jumuiya moja ya kanisa, jina silitaji kwa sababu haipo tena kujitetea. Msimamizi alikuwa Mama Salome, Mmakua wa Lulindi, mjukuu wa wale waliobatizwa mwanzo mwanzo, na alitembea kama mtu aliyekuwepo kwenye ubatizo huo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Osha mikono."

Nikaosha. Akaigeuza, akaitazama viganja na kucha zenye madoa ya utomvu wa korosho.

"Osha tena. Hiyo ni mikono ya mabibo."

Siku nzima ya kwanza sikugusa kitabu. Nilikoroga gundi. Gundi yetu ilikuwa unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, maji, na majani ya mwarobaini yaliyochemshwa ili wadudu wasione wamewekewa ugali. Kitabu kilichobanduka mgongo tulikigundisha kwa hiyo gundi, tukakilaza chini ya jiwe la kusagia mpaka kesho yake. Nimeona gundi za madukani zikija na kuondoka na vitabu vikibanduka tena. Ile ya muhogo bado imeshika.

Mama Salome ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili, mara moja kwa jicho, mara ya pili kwa mkono, kitabu kimoja kimoja. "Jicho linahesabu linachotaka kuona," alisema. Mume wangu aliyejua tabia hiyo baadaye alikuwa akiniuliza kama na watoto nawahesabu hivyo. Nilimjibu kuwa watoto nawahesabu mara tatu, maana wanasogea.

Biashara ya vitabu kwetu ilifuata korosho. Msimu wa korosho mkulima alikuja na fedha na hamu ya kubishana. Alishika kitabu, akakipima uzito kwa kiganja, akauliza kina kurasa ngapi. Ukimwambia, anasema: "Basi punguza. Za mwisho sitafika." Nilijifunza kujibu: "Nitakupunguzia na wewe uniachie hizo za mwisho, nichane." Hakuna aliyekubali. Mtu anaweza asisome mwisho wa kitabu, lakini anataka ulale nyumbani kwake.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wenye umri wangu wanajua: sabuni iliyokuwa ikitafutwa kwa foleni ikawa inakufuata wewe barabarani. Wanunuzi binafsi wakaja, redio zikaja, nguo za mitumba zikamwagwa chini sokoni mpaka mwizi akaona aibu kuiba. Vitu vikaongezeka, wanunuzi wa vitabu wakapungua. Mama Salome akarudi Lulindi kupumzika, akaniachia funguo, jiwe la kusagia, na benchi la mbele ya duka. Wakati huo nilikuwa nimeshazaa na naitwa Mama Yona.

Mteja wangu wa uhakika alikuwa Mwalimu Hassani, mwalimu wa madrasa, mtu mrefu wa kofia safi, aliyenunua chaki na wino. Alikuwa Myao, na Wayao na sisi Wamakonde ni watani. Kwa vijana waliokulia mjini: mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Na ukifiwa, huyo huyo ndiye anayekuja kuigiza marehemu, kupiga kelele waombolezaji wakicheka na machozi usoni, na kubeba kitu cha nyumba ile akaondoka nacho mpaka mkikomboe. Humkatalii. Anayemkatalia mtani msibani anajulikana Masasi mpaka Newala, na hajulikani kwa wema.

"Mama Yona," Mwalimu Hassani alikuwa akisema kila asubuhi, "bado mnasoma vitabu huku mkivishika juu chini?"

"Tunasubiri Wayao mmalize kuviangalia picha."

Ndipo Alhamisi moja gari la sekondari ya upande wa Chidya likaja kuchukua unga na maharage, akashuka mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea, Mmarekani, mwanamke mwembamba wa nywele zilizokataa kitana. Jina lake Dora. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko bahati yake sokoni. Aliwahi kununua mkungu wa ndizi kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe alimkimbilia kumrudishia nusu, kwa aibu. Mimi niliyezaliwa nikibishana bei nilimwonea huruma, nikawa namnunulia mahitaji yake.

Nilimuuliza anasali kanisa gani kwao.

"Sisali kanisani. Mimi Myahudi."

Mwalimu Hassani, aliyekuwa akichagua chaki, akainua kichwa. "Myahudi wa wapi?"

"Wa mtaa wa nyuma ya stesheni. Mama yangu anashona mapazia."

Mwalimu alifikiri. "Nilidhani mmebaki vitabuni tu."

"Tumebaki vitabuni," Dora akasema. "Ndiyo maana tunaviandika vingi."

Hapo ndipo benchi lilipopata kazi. Mama yake Dora alikuwa akimtumia vifurushi vya vitabu vipya vya waandishi wa Kiyahudi, na ndani yake kurasa za magazeti zilizokatwa kwa mkasi. Kila Alhamisi, gari likipakia, Dora alikaa kwenye benchi letu akatusomea, akigeuza Kiswahili papo hapo. Nilikuwa nikibangua korosho nikisikiliza. Mwalimu Hassani alisimama mlangoni, kwa maelezo kwamba anapita tu. Alipita kila Alhamisi.

Cha kwanza kilichonishangaza ni majina. Nilitegemea wageni, nikakutana na Yakobo, Sara, Esta, Yona. Ukoo wangu mzima ulikuwa mle. Mwalimu Hassani akakutana na Musa na Yusufu, naye akatulia. Kulikuwa na hadithi ya mjane muuza sufuria tuliyoipenda sana. Kila jioni mjane huyu alifunga kibanda chake akaanza kumlaumu Mungu kwa orodha ndefu: mguu unauma, mkwe hana adabu, mvua imenyesha siku ya gulio. Akimaliza humwambia: "Basi, na wewe sema." Akisikia kimya, anasema: "Nilijua," anakwenda kulala.

Mimi Mwanglikana wa kusali kwa kitabu nilitazama juu kidogo. Mwalimu Hassani akasema, "Huyu mama ana utani na Mola wake."

"Inaruhusiwa?" nikamuuliza.

"Angalia. Hakuacha kuongea naye hata siku moja."

Zile kurasa za magazeti nazo zilikuwa na ladha yake. Kumbe huko kwao kulikuwa na watu wanaogombana kwa maandishi juu ya kitabu, wiki hadi wiki, kama sisi tunavyogombana juu ya mpaka wa mikorosho. Mwandishi mmoja aliandika riwaya yenye Wayahudi walafi na waongo. Msomaji mmoja akamwandikia: unatuaibisha mbele ya wageni. Naye akajibu gazetini: nimwandike nani, jirani yako? Benchi letu liligawanyika. Mwalimu alikuwa upande wa msomaji, maana aibu ya nyumbani haianikwi kwenye kamba ya barabarani. Mimi nilikuwa upande wa mwandishi. Tulibishana mpaka dereva wa shule akapiga honi, naye kwa dirishani akasema yuko upande wa mwandishi.

Kilichotunyamazisha ni kitabu kimoja tu. Kiliandikwa na mzee ambaye mji wake uliuawa katika vita kuu ya Wazungu, watu wote, kwa kuwa ni Wayahudi. Yeye alikuwa safarini. Kitabu kizima ni mtaa mmoja: anaanza kona, anataja mlango hadi mlango, nani alikaa hapo, alikuwa akiuza nini, alikuwa akikohoa vipi. Katikati ya ukurasa anasimama na kusema hana hakika kama mlango wa fundi viatu ulikuwa wa kijani au wa buluu, na hakuna aliyebaki wa kumsahihisha.

Dora alifunga kitabu hapo. Muuza ming'oko, viazi vyetu vya porini, aliyekuwa kajishikiza mwisho wa benchi aliacha kufukuza nzi.

"Basi aandike pole pole," Mwalimu Hassani akasema.

Alhamisi iliyofuata Dora alikuja na kitabu kimoja tofauti. Kilikuwa kidogo, jalada limechakaa, na kilifunguka kutoka kulia. Mwalimu Hassani alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua upande uliokuwa sawa bila kuambiwa, akasogeza macho kulia kwenda kushoto, akasimama. Herufi hakuzijua. Dora alieleza ni cha bibi yake, ni Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa huko, iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania. "Bibi aliisoma," akasema. "Mama anaielewa. Mimi nimebakiwa na matusi na majina ya vyakula." Niliwafikiria wanangu na Chimakonde chao. Hata matusi walikuwa wanayaomba kwangu.

Honi ikalia, kukawa na pilikapilika za magunia, na Dora akaondoka kitabu kikiwa mikononi mwa Mwalimu. Wiki hiyo hiyo alipata habari kuwa mama yake mgonjwa, akasafiri kwao. Tukabaki na kitabu.

Mwalimu Hassani alinitazama. "Hiki hakikai na daftari za shule."

"Kikae wapi?"

"Juu."

Alileta kitambaa cheupe nyumbani kwake, akakifunga, akakiweka rafu ya juu kabisa. Habari ilienea kwamba dukani kuna kitabu kitakatifu cha lugha ya manabii. Wateja walianza kushusha sauti. Mzee mmoja alivua kofia, mwingine alivua viatu. Muuza ming'oko alikataa kunibishia bei mbele yake, jambo ambalo kibiashara nililiona ni baraka. Mimi mwenyewe niliacha kusengenya upande ule wa duka, nikawa nasengenyea upande wa chaki.

Dora alirudi baada ya miezi kadhaa, mama yake kapona. Akaona kitambaa, akauliza kuna nini. Mwalimu Hassani akakishusha taratibu, akakifungua, akamwambia kimehifadhiwa vizuri, hakuna aliyekigusa bila kunawa.

Dora aliweka mkono mdomoni. Nilidhani analia.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni kitabu cha vichekesho. Ni habari za mwanamume aliyejificha darini kwake ili mkewe asimtume dukani. Bibi alikuwa akikisoma jikoni anacheka mpaka uji unaungua."

Mteja aliyevua viatu alikuwepo. Akavivaa.

"Kwa hiyo," Mwalimu Hassani akasema, "tumeheshimu umbea."

Halafu akakifunga tena kwenye kitambaa, akakirudisha juu. "Kilichokwisha heshimiwa kimeheshimika," akasema, na toka hapo hakuna aliyekishushia sauti wala kukishusha rafuni.

Mkataba wa Dora ulipokwisha alituachia vitabu vyote, boksi zima. Alitaka kuondoka na kile kidogo, akakitia kwenye begi, akakitoa, akakirudisha rafuni. Alisema kwao yeye hawezi kukisoma na hana wa kumsomea. Kwetu angalau kuna watu wanaokijali. Aliniomba jambo moja. Kwa Wayahudi kitabu kikichakaa hakitupwi wala hakichomwi, kinazikwa, hasa kile chenye jina la Mungu. Hiki hakikuwa na jina la Mungu ila mwanamume alipokuwa akimwomba mkewe asipande darini, lakini alitaka kitendewe hivyo. Kisomwe, akipatikana wa kukisoma. Akikosekana, kizikwe. Kisifungiwe karanga.

Nikacheka, nikamwahidi. Karanga za nini?

Wenzangu, msicheke mapema. Jumuiya iliuza duka. Mnunuzi alikuwa Bwana Chilumba, Mmakonde mwenzangu, wa Makote kabisa, aliyetaka jengo kwa ajili ya saruji na mitumba. Alinunua na vilivyomo. Na vilivyomo, kwake, vilikuwa karatasi. Miaka ile karanga, maandazi, samaki wa kukaanga, vyote vilifungwa kwa karatasi ya vitabu, na wachuuzi walikuwa wameshapanga mstari na mizani.

Nilimwendea. Maisha yangu yote sijaingia kwenye mabishano ya bei nikatoka mikono mitupu, ila siku ile. Nilimwomba boksi moja tu, la pembeni. Nikamsifia, nikamtishia, nikamtajia mama yake.

"Mama Yona," akasema, bila ubaya, "nikikupa wewe boksi, mwenye rafu atataka rafu, mwenye mlango atataka mlango. Nimenunua duka, au nimenunua maneno? Kilichomo ni changu. Kesho wanapima."

Siku ya kupima nilikaa nje kwenye benchi. Benchi nalo lilikuwa lake. Nilisikia mizani ikigonga ndani, vitabu vikitupwa, na niliwaza yule mzee na mlango wake wa kijani au buluu akifungiwa dagaa. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi. Wale wa benchi walikuja mmoja mmoja, wakakaa.

Ndipo tukasikia mtu analia kwa sauti barabarani. Mwalimu Hassani, kofia kaigeuza ndani nje, kanzu kaifunga kiunoni kwa kamba, anakuja akipepesuka.

"Uuuwi, marehemu! Marehemu alikuwa mzuri! Alikuwa hapunguzi bei hata kwa yatima!"

Benchi zima likaangua kicheko. Akaingia ndani, akaketi kwenye kiti changu, akavuta uso kama wangu, kweli ule ule, akamwambia mpimaji maneno niliyoyarithi kwa Mama Salome: "Osha mikono. Osha tena. Hiyo ni mikono ya mabibo." Mpimaji akanawa kwa hofu. Kisha Mwalimu akapanda kigoda, akashusha kitabu cha kitambaa, akakiweka kwenye boksi la Dora, akalibeba kichwani.

Bwana Chilumba akamkinga mlangoni. "Mwalimu, hii biashara. Hapa hakuna msiba."

"Milango inafungwa," Mwalimu Hassani akasema, "watu wamekaa nje, mwanamke analia, na ndugu wanagawana mali. Huko Makote hayo mnayaitaje?"

Bwana Chilumba alitazama nje. Wachuuzi wa karanga walikuwa wanacheka, na nusu yao walikuwa Wayao. Alijua usiku huo huo habari ingelala Newala: Mmakonde kamkatalia mtani msibani. Akasogea kando. Alikuwa mfanyabiashara, lakini alikuwa na mama.

"Nalikomboaje?" nikamuuliza Mwalimu kwa sauti, maana utaratibu ndivyo ulivyo, lazima aliyefiwa aulize.

Akasimama na boksi kichwani. "Uniletee mtu wa kunisomea hiki kidogo. Bila huyo, silitoi."

Hiyo ndiyo fidia ambayo sikuwahi kuilipa. Nilirudi Newala, nikaweka meza ya vitabu sokoni, kisha kibanda, kisha duka mnalolijua ninyi. Kila nilipokwenda Masasi kuchukua mzigo nilipita barazani kwa Mwalimu Hassani, nikatoa kitabu kimoja kwenye boksi, nikawasomea waliokuwepo kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na kumbukumbu ya Dora. Mjane wa sufuria tulimsoma mpaka nikambandika mgongo upya. Mwalimu alinifokea sokoni mbele ya watu: "Mama Yona, msomaji wangu yuko wapi?" Nami kila Mzungu aliyeshuka basi nilimuuliza kama anasoma kutoka kulia. Mmoja alidhani namuuliza upande wa kuendesha gari.

Mwalimu alipofariki, habari zilinifikia siku ya pili. Nilifika Masasi siku ya kuanua matanga. Sikuwa na nguvu za utani. Lakini nilimwona mjane wake, Bibi Zainabu, amekaa na wanawake, uso umekauka, nikajua kazi yangu. Nikachukua kofia ya marehemu, nikaivaa, nikajilaza kwenye mkeka wake, nikadai chai. "Na isiwe ya Kimakonde," nikasema kwa sauti yake, "ile ya maji ya kuoshea vikombe." Bibi Zainabu alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akalia vizuri, kilio cha kumaliza.

Nikainuka, nikalibeba boksi.

"Tulikomboeje?" akauliza.

"Hamlikomboi. Ni langu, limerudi."

Akanishika mkono. Alisema kitambaa nikibadilishe, yeye alikuwa akikifua kila mwezi wa kufunga. Kisha akanieleza kitu. "Alhamisi alikuwa akikishusha kile kidogo, anakifungua, anatazama, anacheka peke yake. Nikamuuliza, unacheka nini na wewe husomi? Akasema: najua mle ndani kuna kichekesho. Nakingoja tu."

Hivyo kiko hapa kwangu, juu ya kabati. Vile vya Kiingereza viko dukani, rafu ya pili kushoto, ni vya kusomwa palepale kwenye benchi. Mkisikia mchuuzi wa karanga anaviulizia, mjifanye mmefiwa. Na siku akipita mtu anayesoma kutoka kulia na si Kiarabu, mleteni, hata kama nimelala, hata kama nimekufa. Msimtoze kitu. Someni tena hapo, kwa jicho na kwa mkono, maana najua hamtaamini kuwa ni mimi niliyeandika.

Leo ni Alhamisi. Nimenawa, nikanawa tena, nimekishusha. Yule mwanamume bado yuko darini, na mkewe bado anamwita. Nimecheka.